Kutibiwa kwa Kodi Hakumnyimi Mama Haki ya Kukataa

Nimesoma makala inayodai kuwa mgonjwa wa hospitali ya umma hana sababu ya kumkataa mwanafunzi wa uuguzi, maana anatibiwa kwa kodi ya wananchi. Kwani yeye si mwananchi? Hata muuza mandazi hulipa kodi kila anaponunua sabuni.

Nakubali kwamba hakuna mkunga aliyeiva kwa vitabu pekee. Lakini ridhaa si anasa ya hospitali za kulipia. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aridhie huduma, wala haiulizi nani amelipa.

Tuingie wodi ya uzazi. Mama ana uchungu, pazia halifiki mwisho, na wanafunzi wanne wenye glavu wanangoja zamu ya kumpima njia ili wajaze daftari zao za mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza kipimo hicho kila baada ya saa nne, uchungu ukienda vizuri, na unaonya dhidi ya watu kadhaa kumpima mama kwa wakati mmoja. Kila kidole cha ziada huongeza hatari ya maambukizi.

Dawa ipo: waanzie kwenye sanamu za mafunzo, kisha mama mmoja apewe mwanafunzi mmoja, aliyejitambulisha na kuomba, msimamizi akiwa kando. Mama akikataa, mwanafunzi ashukuru na kuondoka. Hilo nalo ni somo la uuguzi.