Wati 10,000? Acheni utani jamani!

Wadau, boom limetoka, na mwenzangu wa chumbani kesharudi na sabufa iliyoandikwa "wati 10,000 PMPO". Sasa mimi mwalimu mtarajiwa wa fizikia nauliza: soketi yetu, volti 230 mara ampea 13, haifiki hata wati 3,000. Hizo nyingine zinatoka wapi? Someni RMS! Tena nguvu ukiiongeza maradufu unapata desibeli 3 tu.

Mziki wa maana unajengwa kidogo kidogo: spika nzuri kwanza, amplifaya baadaye. Wenye mashine ya santuri ya Linn LP12 ya Uskoti, iliyoanza miaka ya 1970, mpaka leo wanaboresha kipande kimoja kimoja. Sisi tunanunua namba, halafu tunakopa ugali. Anayebisha aje!