Shambulio la Dyn: Kamera za Nyumbani Zilipogeuzwa Kuwa Silaha

Ijumaa tarehe 21 Oktoba 2016, kulipokucha katika pwani ya mashariki ya Marekani, tovuti za Twitter, Netflix, Reddit, Spotify, PayPal na gazeti la New York Times hazikufunguka kwa watu wengi. Kompyuta za makampuni hayo zilikuwa salama, umeme ulikuwepo na hakuna waya uliokatwa. Kilichoshambuliwa ni kampuni moja ambayo wengi wa watumiaji wa tovuti hizo hawakuwahi kulisikia jina lake: Dyn, yenye makao yake huko Manchester, katika Jimbo la New Hampshire.

Ifahamike kwamba kompyuta hazitambuani kwa majina bali kwa namba. Mtu anapoandika jina la tovuti, simu yake hulazimika kwanza kuuliza namba ya jina hilo kwenye kile ambacho kwa lugha nyepesi tunaweza kukiita daftari la anwani la intaneti. Daftari hilo halitunzwi mahali pamoja. Kila mwenye tovuti huchagua mtunzaji wake, na makampuni mengi makubwa yalikuwa yameikabidhi Dyn kazi hiyo, baadhi yakiitegemea peke yake. Mtunzaji akishindwa kujibu, nyumba ipo na mwenye nyumba yumo, lakini mgeni haijui njia.

Washambuliaji hawakuvunja mlango wala kuiba siri. Walituma mafuriko ya maombi ya uongo hadi seva za Dyn zikaelemewa. Wimbi la kwanza lilidumu kama saa mbili. La pili lilifika kabla ya adhuhuri kwa saa za huko. Tena kuna jambo ambalo husahaulika kwa urahisi: seva nyingine za intaneti, zisizo na hatia yoyote, zilipokosa jibu ziliuliza tena na tena, kama zilivyoundwa kufanya. Kwa mujibu wa maelezo ya kampuni yenyewe, marudio hayo yalisababisha msongamano wa mara 10 hadi 20 kuliko kawaida. Ikawa vigumu kutenganisha ombi la kweli na la uongo.

Mafuriko hayo yalitoka wapi? Dyn ilikadiria kuwa vifaa vilivyotumika vilifikia hadi 100,000, na sehemu kubwa vilikuwa vimetekwa na programu haribifu iitwayo Mirai. Hazikuwa kompyuta za kijeshi. Zilikuwa kamera za ulinzi, mashine za kuhifadhi picha za kamera hizo na ruta za nyumbani. Mirai ilizunguka intaneti ikibisha hodi kwenye kila kifaa ilichokikuta, ikijaribu orodha ya majina na nywila zipatazo 60 tu, zile zile ambazo viwanda huweka kabla ya kuuza bidhaa. Aliyenunua kamera na kuifunga bila kubadili nywila alikuwa ameacha ufunguo mlangoni. Baadhi ya vifaa vilikuwa na kasoro kubwa zaidi: nywila ilikuwa imefungiwa ndani kabisa, hata mnunuzi angetaka kuibadili asingeweza. Kamera iliyotekwa iliendelea kumwonesha mwenyewe picha ya geti lake kama kawaida, huku ikishiriki kuzima tovuti asizozijua.

Siku zile wapo waliokimbilia kuyanyoshea kidole mataifa yenye nguvu. Ukweli uliobainika mahakamani unatia wasiwasi zaidi. Mnamo Desemba 2017, vijana watatu wa Marekani walikiri kuitengeneza Mirai. Chimbuko lake lilikuwa ushindani wa kibiashara kati ya wenye seva za mchezo wa kompyuta wa Minecraft. Mwishoni mwa Septemba 2016 msimbo wake ulikuwa umekwisha kumwagwa hadharani, hivyo yeyote aliweza kuuchukua. Kuhusu shambulio la Dyn lenyewe, Desemba 2020 alikiri kosa mtu ambaye wakati wa tukio alikuwa bado mtoto kisheria, na kwa sababu hiyo jina lake halikutangazwa. Waendesha mashtaka walieleza kuwa yeye na wenzake waliulenga mtandao wa michezo wa PlayStation wa kampuni ya Sony. Kwa maneno mengine, wasomaji wa magazeti na wafanyabiashara waliokwama siku ile hawakuwa hata adui wa mtu. Walikuwa wamesimama njiani.

Bara letu halikukaa mbali na silaha hiyo. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2016, aina ya Mirai ilielekezwa Liberia dhidi ya kampuni ya simu ya Lonestar. Mwingereza Daniel Kaye, aliyehukumiwa London Januari 2019 kifungo cha miaka miwili na miezi minane, alikuwa amelipwa na mtu wa kampuni shindani ili aifanye kazi hiyo. Nchini Kenya, Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliushambulia mfumo wa serikali wa eCitizen kwa mafuriko ya namna hiyo, ingawa vyombo vyake vilikuwa tofauti. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, na bila shaka hilo ni jema. Lakini ilibidi wageni waruhusiwe kupata viza wanapowasili. Mwananchi aliyekwama na ombi lake hapati nafuu kubwa kwa kuambiwa kwamba data ni salama.

Hapa ndipo penye ugumu wa kimaadili. Mtengenezaji hupunguza gharama kwa kuacha nywila moja katika maelfu ya vifaa. Mnunuzi hupata kamera ya bei nafuu na haoni hasara yoyote. Anayeumia yuko mbali na wote wawili, na hawezi kuacha kununua bidhaa ambayo hakuinunua. Soko peke yake halina sababu ya kurekebisha kasoro ya namna hii. Ni sheria inayoweza kuyalinda mafao ya wengi. Jimbo la California limeweka sheria hiyo tangu Januari 2020. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, imepiga marufuku kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye nywila ya pamoja ya kiwandani.

Kamera kama hizo leo zinafungwa katika maduka, shule na hata parokia zetu, na nyingine ni za zamani kuliko sheria hizo. Mirai ilikaa katika kumbukumbu ya muda ya kifaa. Kukizima na kukiwasha kuliiondoa. Lakini kama nywila haikubadilishwa, iliweza kurudi baada ya dakika chache. Kwa hiyo siku ya kufunga kamera ndiyo siku ya kumwomba fundi abadili nywila, mbele ya mwenye nyumba, kabla hajalipwa.