Wazazi Wakristo, Mnanunua Imani au Mnanunua Marekani?

Swali hili hunijia karibu kila muhula, na hunijia kwa sura ile ile. Mzazi ana watoto watatu au wanne wa umri tofauti, tuseme wa miaka 13, 9 na 6. Ameamua kuwaondoa shuleni na kuwafundishia nyumbani, na anataka mtaala wa Kikristo. Kwa kuwa mimi hufundisha historia ya elimu chuo kikuu, anatarajia nimtajie jina moja kati ya yale yanayotajwa baada ya ibada: Accelerated Christian Education, Abeka, au vitabu vya Bob Jones. Akishalipata jina atalipa kwa dola, atasubiri sanduku, na mwaka mpya wa masomo utaanza.

Jibu langu huwaudhi wengi, ndiyo maana nimeona heri niliandike hadharani. Masanduku hayo yanauza Marekani iliyoviringishwa katika karatasi ya Ukristo. Mzazi wa Nakuru, Kisumu au Machakos anayeyanunua bila kuyapekua analipa ili watoto wake wafunzwe uraia wa nchi isiyo yao. Tena yamepangwa gredi kwa gredi, kijitabu kwa kijitabu, mpango ambao huinyang'anya nyumba yenye watoto wa marika mbalimbali neema yake kubwa kuliko zote, yaani kusoma pamoja.

Nianze kwa kuwatendea haki wazazi hawa, kwa sababu wapo wanaowadhihaki kama watu wa dini kali wanaoikimbia dunia. Wengi ninaowafahamu hawakukimbia kitu cha kufikirika. Mwaka 2001 wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli. Mwaka 2024 watoto 21 walipoteza maisha katika moto wa bweni la Endarasha. Kati ya misiba hiyo miwili kumepita tume, ripoti na ahadi za kutosha kujaza maktaba. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku mwaka 2001, na kila mzazi anajua kwamba fimbo haijasikia habari hiyo. Kuna madarasa ambamo mwalimu mmoja ana watoto wengi kiasi cha kutojua majina yao. Mzazi anayetazama hali hii na kusema mtoto wangu atabaki nami ana hoja, na dola isiyoweza kuyalinda mabweni yake haina uso wa kumkemea.

Ugomvi wangu nao unaanza pale wanapochagua dawa. Wana malalamiko ya Kenya, lakini wananunua dawa iliyochanganywa kwa ajili ya ugonjwa wa watu wengine.

Tukumbuke mitaala hii ilitoka wapi. Accelerated Christian Education ilianzishwa Texas mwaka 1970. Abeka ilianza Pensacola, Florida, mwaka 1972. Vitabu vya Bob Jones navyo vilianza South Carolina katika muongo huo huo. Haikuwa sadfa. Mwaka 1962 na 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba shule za umma haziwezi kuongoza sala wala kusomesha Biblia kama ibada. Katika miaka hiyo pia shule za weupe na weusi zilikuwa zikiunganishwa kwa nguvu ya sheria, na shule nyingi za binafsi za Kusini, baadhi zikiwa na neno Ukristo mlangoni, zilifunguliwa ili kuukwepa muungano huo. Chuo Kikuu cha Bob Jones chenyewe kilipoteza kesi mbele ya Mahakama hiyo mwaka 1983, kikitetea msamaha wa kodi huku kikiwakataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2000. Mzazi Mwafrika anayeagiza vitabu kutoka katika nyumba hiyo ana haki ya kuijua historia yake kabla ya kulipa.

Sasa nauliza: ni nani aliyeifukuza Biblia katika shule za Kenya? Elimu ya Dini ya Kikristo inafundishwa na kutahiniwa katika shule za umma. Shule nyingi za umma zina kanisa kama mfadhili, na sheria inalitambua kanisa hilo. Paredi ya asubuhi huanza kwa sala. Vita vya Pensacola na Texas havikupiganwa hapa. Tumeagiza silaha, kisha tukaanza kumtafuta adui wa kuzielekezea, na mara nyingi adui huyo amekuwa jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi ya kata, ambaye Jumapili tunakaa naye benchi moja kanisani.

Tufungue sanduku lenyewe. Historia ya gredi ya 3 na ya 4 ya Abeka ni historia ya Marekani. Katika hesabu za mitaala hiyo mtoto hupima kwa inchi, wakia na galoni, hununua kwa senti za Marekani, na joto hulisoma kwa Farenhaiti. Januari ni mwezi wa theluji, ilhali nje ya dirisha lake Januari ni jua la kiangazi na ng'ombe wanatafuta maji. Mtoto hujifunza kwamba wacha Mungu waliotua Plymouth mwaka 1620 ni baba zake wa kiroho. Hasikii kwamba zaidi ya miaka 1,200 kabla yao mfalme Ezana wa Aksum, jirani yetu wa kaskazini, alikwisha kuupokea Ukristo. Augustino huenda akatajwa, lakini mara chache atajifunza kwamba alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Aljeria. Rabai, ambako Krapf na Rebmann walijenga misheni mwaka 1846, haimo. Freretown ya mwaka 1875, makao ya watumwa walioachiwa huru, haimo. Mashahidi wa Uganda hawamo, wala uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuyabadili makanisa ambamo bibi zetu waliokoka. Huu ni Ukristo wenye tundu kubwa mahali palipokuwa pawe na sisi. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, nasi tunalipa nauli ya kuupeleka utumwa huo hadi mlangoni kwetu.

Niingie sasa katika jambo la marika, ambalo ndilo swali halisi la mzazi. Mtaala wa vijitabu, kama ule wa Accelerated, una vijitabu 12 kwa kila somo kwa mwaka. Mtoto husoma, hujaza mapengo, hujisahihishia kwa ufunguo wa majibu, hufanya jaribio, kisha huchukua kijitabu kinachofuata. Katika vituo vinavyoufuata utaratibu huo kikamilifu, kila mmoja hukaa kwenye meza iliyozibwa pembeni na huinua bendera ndogo anapohitaji msaada. Nakiri kuna faida: mtoto mwepesi hacheleweshwi na mzito haachwi. Lakini piga hesabu. Watoto 3, masomo 5, vijitabu 12, jumla ni vijitabu 180 kwa mwaka. Mama anageuka karani wa kuhesabu kurasa. Watoto wa tumbo moja wanakaa chumba kimoja kila mmoja akiwa na kitu chake, na hakuna anayejua mwenzake amejifunza nini. Ikiwa lengo lilikuwa kuwarudisha watoto katika familia, familia yenyewe imekwenda wapi?

Yapo masomo yanayohitaji kila mtoto awe kwenye ngazi yake: hesabu, kusoma kwa wanaoanza, na kanuni za uandishi. Hayo yatengwe, na mzazi anunue vitabu bora kadiri anavyomudu, hata vile vilivyoidhinishwa na taasisi yetu ya mitaala, kwa kuwa kugawanya kwa tarakimu tatu hakuna madhehebu. Masomo mengine yote, yaani Biblia, historia, fasihi, sayansi ya viumbe na mazingira, muziki na kazi za mikono, yanaweza kufundishwa kwenye meza moja kwa watoto wote, huku kila mmoja akidaiwa kadiri ya nguvu zake.

Chukua Aksum hiyo hiyo. Mzazi anasimulia kwa Kiswahili jinsi Frumentius, kijana kutoka Tiro, alivyofika katika makao ya mfalme, na jinsi Athanasius wa Aleksandria alivyomweka wakfu kuwa askofu. Anaeleza kwamba sarafu za Ezana zilikuwa na alama ya mwezi mwandamo na kisahani, kisha zikabadilika zikawa na msalaba. Mtoto wa miaka 6 anachora sarafu mbili, ya kabla na ya baada. Wa miaka 9 anasimulia upya kwa maneno yake, halafu anaandika aya moja. Wa miaka 13 anaulizwa swali zito: kwa nini mfalme wa dola ya kibiashara kando ya Bahari ya Shamu aliona imani yake inastahili kupigwa chapa kwenye fedha? Somo ni moja, chakula ni kimoja, na kila mmoja amepewa tonge linaloingia kinywani mwake. Jioni baba akirudi, wote watatu wana la kumweleza, na mdogo atamsahihisha mkubwa.

Njia hii haihitaji hataza ya kampuni yoyote. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, aliijengea mfumo mzima wa watoto kusimulia walichosomewa, na wapo Wakristo wengi wa Marekani wanaomfuata leo. Hata hivyo, hatukuhitaji kungoja habari hiyo itoke Uingereza. Chuo cha pwani kimewakalisha wakubwa na wadogo kwenye jamvi moja kwa karne nyingi, mkubwa akimsomesha mdogo, na bibi aliyesimulia hadithi jikoni hakuwagawa wajukuu kwa gredi.

Najua pingamizi mbili zitakazokuja. Ya kwanza ni uchovu: mama ana kazi, ana mtoto wa kunyonya, na sanduku humpunguzia mzigo wa kupanga. Hoja hii naiheshimu. Jibu lake ni kwamba mzigo huo usibebwe na mama mmoja. Familia tano za ushirika mmoja zinaweza kugawana: mmoja apange historia ya kanisa, mwingine sayansi, mwingine fasihi ya Kiswahili, wakutane mara moja kwa wiki. Na akina baba, ambao katika mijadala hii husikika sana wakati wa kuchagua mtaala na hupotea wakati wa kuufundisha, wachukue somo moja kila mmoja.

Ya pili ni cheti, na hapa ndipo siasa inapoingia. Wazazi hununua mtaala wa kigeni kwa sababu unaleta cheti cha kigeni, nao wanatumaini kwamba vyombo vya serikali vinavyolinganisha vyeti vitakikubali. Tumaini hilo linatokana na pengo la sheria. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na haikuweka utaratibu wa elimu ya nyumbani. Mtaala mpya umelikaza fundo zaidi, kwa kuwa sehemu ya alama za mtoto hutokana na tathmini zinazofanywa na kutumwa na shule. Serikali inajua kwamba familia hizi zipo, na imeona ni rahisi kuziacha zijifiche kuliko kuzitungia sheria. Ukimya huo ndio soko la makampuni ya masanduku.

Wapo Wakenya waliowahi kukabili jambo la namna hii. Mwaka 1929, katika mgogoro na misheni, Wakikuyu wengi waliwaondoa watoto wao katika shule za wamishonari. Chanzo kimojawapo, utetezi wa tohara ya wanawake, sikitetei hata kidogo. Lakini tazama walichofanya baada ya kutoka. Walichanga, wakajenga shule zao, wakaendelea kusali na kuisoma Biblia ile ile, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo baada ya kutangaza Hali ya Hatari mwaka 1952, maana ilitambua nguvu ya jamii inayojiamulia watoto wake wafundishwe nini. Hakuna mkoloni angehangaika kuifunga nyumba moja iliyojifungia na sanduku lake.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kulipa, omba uone kitabu cha historia na cha hesabu cha gredi mbili, uvisome mwenyewe mstari kwa mstari. Jiulize mtoto wako yuko wapi ndani yake. Jiulize ni masomo mangapi watoto wako wote wanaweza kuketi nayo pamoja. Kisha fanya lile ambalo makampuni hayatakusaidia kulifanya: jiunge na wazazi wengine, andikeni ombi kwa Bunge, mdai sheria itakayowatambua, itakayowakagua kwa haki, na itakayomfungulia mtoto wenu mlango wa mtihani wa taifa. Kanisa lenye sauti ya kuwaombea wanasiasa kura kila baada ya miaka mitano haliwezi kudai kwamba halina sauti ya kuwaombea watoto hawa sheria.