*TAMKO LA TAWI: TREI CHAFU SI KOSA LA MAMA LISHE PEKE YAKE*



Kwenye vibanda vya chipsi hapa Lushoto, trei moja hupita kwa wateja wengi kwa siku. Kila ikirudi, inafutwa kwa kitambaa kilekile. Tuambiane ukweli: *kufuta si kuosha.* Kitambaa hicho kinahamisha uchafu wa mteja wa kwanza kwenda kwa wa kumi.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga vibanda. Tunakataa! Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam, vyakula vya barabarani vilipigwa marufuku. Mama lishe akakosa riziki, na ugonjwa ukasambaa mikoani vilevile.

Milima yetu ya Usambara inapeleka maji hadi Mombo. Iweje muuza chipsi anayelipa ushuru aoshe vyombo vya kutwa nzima kwa ndoo moja?

*Tunadai:*
1. Ushuru urudi sokoni kama bomba la maji.
2. Mikopo ya asilimia 10 iwafikie mama lishe na vijana wa chipsi, wapate trei za kutosha na vichanja vya kukaushia.
3. Sisi wateja tukatae trei isiyooshwa kwa sabuni. Tukatae kwa heshima, bila kumdhalilisha mtu.

Anayedai usafi aanze nao. Kikao kijacho cha tawi, sinia la pilau halitatoka jikoni kabla ya kuoshwa kwa maji na sabuni.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi.*
Msome, mjadili, msambaze.