Michoro ya majengo ioanishwe kabla ya msingi kuchimbwa

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Aghalabu methali hii hutajwa katika mizozo ya wanasiasa, lakini mimi niliiona ikithibitika ndani ya dari, pale bomba la maji taka na boriti ya zege vilipopangiwa nafasi moja na watu wawili ambao hawakuwahi kuketi meza moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa vifaa katika mjengo wa ghorofa tano viungani mwa jiji la Nairobi. Msanifu alikuwa amechora vyumba, mhandisi wa miundo akachora nguzo na boriti, naye mhandisi wa mabomba akachora njia za maji. Kila mmoja wao alikuwa stadi katika fani yake, na kila mchoro, ukiutazama peke yake, haukuwa na dosari. Dosari ilikuwa kwamba hakuna aliyepata kuilaza michoro hiyo mmoja juu ya mwingine.

Bomba lilipaswa kutoka bafu za upande mmoja wa jengo hadi mahali pa kuteremkia, mwendo wa mita 12. Maji taka ya nyumbani hayasukumwi kwa pampu. Huteremka yenyewe, na kwa sababu hiyo bomba halina budi kuinamishwa. Kwa mwinamo wa sehemu moja kwa 40, bomba hushuka milimita 25 kwa kila mita, yaani sentimita 30 katika mita hizo 12. Kwenye karatasi, mstari huo ulionekana umenyooka tu. Ndani ya jengo, ulishuka hadi ukagota kwenye tumbo la boriti.

Fundi bomba alitenda alichoelekezwa na mchoro wake. Alichukua nyundo na tindo akatoboa, na alipokutana na nondo akazikata kwa msumeno. Mhandisi wa miundo alipozuru mjengo siku nne baadaye, alishika kichwa. Nondo za chini ndizo huizuia boriti isipasuke inapolemewa. Kuzikata ni sawa na kumkata mtu mishipa ya mguu kisha kumtwika gunia. Kazi ilisimama majuma matatu, sakafu ya juu ikategemezwa kwa miti, na boriti ikabomolewa na kujengwa upya kwa gharama ya mwenye jengo. Fundi bomba alifutwa siku hiyo hiyo. Hadi leo naamini kwamba alionewa. Kosa lile lilitendwa afisini kwa kalamu, miezi mingi kabla ya tindo kuguswa.

Swali linalonisumbua ni hili: je, mhandisi yule asingepita siku ile? Tundu lingezibwa kwa saruji, plasta ikapakwa, rangi ikafuata, na familia zikahamia na vitanda vyao. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mafundi na kuwa la kila mpangaji. Kenya haijasahau jengo la Huruma lililoporomoka Aprili 2016 na kuwaua zaidi ya watu 40. Sisemi kwamba liliangushwa na bomba. Mkasa ule ulikuwa na sababu zake. Nasema kwamba taifa lililozika watu wake kwa namna hiyo halina haki ya kuziacha boriti zake chini ya uamuzi wa tindo.

Dawa ipo. Siku hizi msanifu na wahandisi wanaweza kulijenga jengo zima ndani ya kompyuta kabla ya jembe la kwanza kupigwa ardhini. Kila fani huunda kielelezo chake chenye urefu, upana na kimo: nguzo na boriti, mabomba, njia za hewa, nyaya za umeme. Vielelezo hivyo vyote huanzia alama moja waliyokubaliana na kufuata vimo vile vile vya sakafu. Kisha huunganishwa kuwa jengo moja. Programu huorodhesha kila mahali ambapo vitu viwili vimepewa nafasi moja. Huonyesha pia mahali ambapo vitu havigusani lakini vimebanana mno, kwa mfano vali ambayo mkono wa fundi hautaweza kuifikia itakapovuja.

Orodha hiyo, hata hivyo, haimalizi kazi. Wahusika sharti waketi na kuamua nani ampishe mwenzake, na hapa busara ya ujenzi ina utaratibu wake. Bomba la maji taka hupewa njia kwanza kwa kuwa haliwezi kupanda. Njia kubwa za hewa hufuata kwa sababu ya unene wake. Mabomba ya maji safi yanaweza kukunjwa, kwa maana maji yake husukumwa. Nyaya za umeme huja mwisho, kwa kuwa hizo hupinda kirahisi. Iwapo ni lazima boriti ipitishe bomba, mhandisi huamua tundu liwe wapi na nondo zipangweje kulizunguka, nalo huachwa wazi zege linapomwagwa. Kulihamisha bomba ndani ya kompyuta ni kazi ya dakika chache. Kulihamisha baada ya zege kukauka ni kazi ya majuma, na hasara yake haina mwenyewe ila mwenye jengo.

Pasiwe na atakayedhani kwamba aibu hii ni ya nchi maskini pekee. Uwanja wa ndege wa Berlin Brandenburg, katika Ujerumani inayosifika kwa uhandisi, ulitarajiwa kufunguliwa Juni 2012. Chini ya mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe, ilitangazwa kwamba hautafunguliwa kwa kuwa mfumo wa kudhibiti moto na kuondoa moshi haukuwa tayari. Ilibainika kwamba mipango ya jengo ilikuwa imebadilishwa mara kwa mara huku ujenzi ukiendelea, na kwamba nyaya nyingi zilikuwa zimepitishwa pasipofaa. Uwanja huo ulifunguliwa Oktoba 31, 2020, zaidi ya miaka minane baadaye. Wajerumani hawakukosa fedha wala kompyuta. Walichokosa ni kuafikiana kwa wakati.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Mwaka wa 2011 serikali yake ilitangaza kwamba kufikia 2016, miradi yote inayogharamiwa na serikali kuu ingepaswa kutumia vielelezo vya pamoja vya kompyuta. Haikuwalazimisha watu binafsi. Ilisema tu kwamba anayetaka kazi ya serikali afuate utaratibu huo, na iliwapa wenye kampuni miaka mitano ya kujiandaa.

Nasi tuna sababu nzuri ya kuiga. Kila mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 1.5 kila mwezi chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Serikali basi imekuwa mjenzi mkubwa kwa fedha za umma, na nyumba hizo hujengwa kwa michoro inayorudiwa jengo baada ya jengo. Kosa moja la bomba na boriti katika mchoro wa namna hiyo huzaliwa upya katika kila jengo linalofuata. Vivyo hivyo, sahihisho moja huokoa majengo yote.

Najua watakaopinga. Watasema kwamba programu hizi ni ghali na kwamba mwanakandarasi mdogo hazimudu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tangu 2013 kuna kiwango cha kimataifa, ISO 16739, cha kubadilishana vielelezo hata kama wahusika wanatumia programu tofauti, hivyo hakuna haja ya kila afisi kununua bidhaa ya kampuni moja. Isitoshe, si kila nyumba inahitaji kompyuta. Kwa jengo la ghorofa mbili, michoro ya karatasi inayopenya mwanga, ikilazwa mmoja juu ya mwingine mezani, pamoja na vimo vilivyoandikwa waziwazi, itafichua mengi. Gharama ya kikao hicho ni birika la chai.

Wengine watasema kwamba kielelezo hakizuii saruji hafifu wala hongo. Ni kweli, na wala sijadai hivyo. Kielelezo huondoa kosa la aina moja, lile linalotokana na wataalamu kutosemezana. Makosa mengine yana wakaguzi na mahakama zake.

Kwa hivyo natoa rai kwa wahusika. Kanuni za ujenzi za 1968 zilitutawala kwa zaidi ya nusu karne kabla ya zile za 2024 kuanza kutumika Machi 2025. Tusingoje nusu karne nyingine. Serikali na ididai, kwa kila jengo la umma la ghorofa kadhaa, ushahidi kwamba michoro ya fani zote imeoanishwa na kutiwa sahihi na wote kabla ya kibali cha kuanza kazi kutolewa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi nayo iwafundishe wasimamizi wa mijengo kuvisoma vielelezo hivyo, na vyuo vya ufundi vimfundishe fundi bomba haki moja muhimu: kukataa kuikata nondo hadi mhandisi afike.

Mwenzetu yule aliyefutwa hakuwa na haki hiyo. Alikuwa na mchoro, tindo na njaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ufa wenyewe huanzia mezani kwa wachoraji, kabla hata ya ukuta kuwapo.