Kichwa cha samaki si takataka

Ndugu mwandishi, umesema kweli kwamba Waingereza hubagua sehemu za nyama, ila kwenye samaki umepita mbio. Waingereza wamezungukwa na bahari, lakini sehemu kubwa ya samaki na kaa wanaovuliwa kwao huuzwa nje, Ufaransa na Hispania wakiwa wateja wakubwa. Wenyewe wameng'ang'ania aina tano: cod, haddock, salmoni, jodari na kamba, na cod wengi hutoka Iceland na Norway. Kibua wa Cornwall, mwenye mafuta yake mazuri, anakataliwa kwa sababu ana miba na macho! Inaniuma sana.

Na hata kwenye nyama, si kwamba hawakujua kula. Bibi zao walipika figo, maini na ulimi wa ng'ombe nyumbani. Mwaka 1994 mpishi Fergus Henderson alifungua mgahawa wa St. John mjini London, akaurudishia heshima uboho wa mifupa. Lakini hicho ni chakula cha mgahawani, si cha jikoni kwa mama.

Wenzangu mnaoishi huko Uingereza, mwombeni muuza samaki awape kichwa na mifupa. Chemsheni na kitunguu, nyanya na ndimu; dakika 20 zinatosha.