Kuchapa na Kuchapisha: Hoja Kuhusu Istilahi za Uchapaji

1.0 Utangulizi

Istilahi za uchapaji ni miongoni mwa istilahi kongwe za ufundi wa kisasa katika Kiswahili, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa zimekwisha kutulia. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Hoja yetu ni kwamba vitenzi viwili vinavyobeba fani nzima, yaani kuchapa na kuchapisha, havina tena maana moja kwa wote wanaovitumia, na kwamba utata huo una madhara kwa mtu anayeandika kitabu. Mifano yetu inatokana hasa na matumizi ya kila siku katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita.

2.0 Chimbuko la Istilahi

Nomino chapa ilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi ikiwa na maana ya muhuri au alama inayogandamizwa juu ya kitu. Kutokana nayo tukapata kupiga chapa, na baadaye kuchapa. Zanzibar iliyajua pia mambo haya kwa neno la Kiarabu, matbaa, na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na matbaa yake. Wamisionari nao walikuwa na mitambo yao. Gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa Kiungani mwaka 1888, na huko bara kiwanda cha Kipalapala, Tabora, kilikuja kuwa jina linalofahamika kwa wasomaji wa vitabu vya shule na vya dini, wakiwamo wa Usukuma.

Inafaa kuzingatia jambo moja katika historia hiyo. Misheni ndiyo iliyoteua mswada, ikauhariri, ikauchapa na kuusambaza. Kazi zote zilikuwa chini ya paa moja, na kwa hiyo haja ya kutenganisha majina yake haikuwa kubwa. Kiarabu, kilichotupa matbaa, hutofautisha kazi ya mtambo na kazi ya kutoa kitabu kwa mizizi miwili isiyohusiana. Sisi tumezitofautisha kwa kiambishi kimoja tu, -ish-.

3.0 Matumizi ya Sasa

Katika maduka ya steshonari yaliyo karibu na stendi na ofisi za serikali, mteja husikika akisema: “Nichapie barua hii, halafu uniprintie kopi mbili.” Kauli hiyo ni sahihi kabisa kwa wote wawili, naye karani haulizi swali. Lakini mwanaisimu ataona kwamba kuchapa hapo kumechukua nafasi ya kupiga taipu, na kazi ya wino kugusa karatasi imeachiwa kitenzi kipya, kuprinti. Kuchapisha kunabaki kwa kazi kubwa zaidi: kadi za harusi, vitabu vya risiti, fulana za kampeni.

Matumizi haya ya mwisho si ya kubahatisha. Yanafuata kanuni ya unyambuaji ambayo kila mzungumzaji anaijua. Mwenye mashine husaga, mwenye mahindi husagisha. Fundi cherehani hushona, mwenye kitambaa hushonesha. Vivyo hivyo, mwenye mtambo huchapa, na mwenye kazi huchapisha. Maana yake ni kwamba ameipeleka na ameilipia. Wataalamu, kwa upande wao, wamekipa kitenzi hicho maana nyingine: kupokea mswada, kuupima, kuuhariri, kuugharimia na kuufikisha kwa wasomaji.

Kwa hiyo tunazo maana mbili ambazo fedha zinakwenda pande tofauti. Kwa maana ya dukani, anayechapisha ni mwandishi, naye ndiye anayelipa. Kwa maana ya wataalamu, anayechapisha ni kampuni, nayo ndiyo inayobeba gharama na kumlipa mwandishi mrabaha.

4.0 Ubaya wa Utata Huu

Huenda ikasemwa kwamba lugha zote zina maneno yenye maana nyingi, na kwamba muktadha hutatua kila kitu. Hoja hiyo ina ukweli. Katika mkoa wa wafugaji kama Shinyanga, kupiga chapa ni kwanza kabisa kumtia ng'ombe alama kwa chuma cha moto. Serikali ilipoendesha kampeni ya kupiga chapa mifugo mwaka 2017, hapana aliyedhani kwamba ng'ombe wanapelekwa kiwandani wakatiwe wino. Miktadha miwili hiyo haikutani, na utata usiokutana na mwenzake haudhuru.

Kuchapa na kuchapisha hukutana kila siku, tena katika hati moja. Riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, iliyokamilika kwa Kikerewe mwaka 1945, ilichapishwa kwa Kiswahili na Tanzania Publishing House mwaka 1980, lakini ilichapwa China. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla hajaishika mkononi. Asiyetofautisha vitenzi hivi hawezi hata kueleza kisa hicho kwa usahihi, wala kusema nani aliikubali kazi hiyo na nani aliipitisha mtamboni.

Madhara makubwa zaidi ni ya mkataba. Mwalimu anayelipa fedha zake ili apate nakala mia tano, kisha akatia saini karatasi inayomwita mwenye mtambo “mchapishaji”, amempa mtu huyo cheo ambacho hakukifanyia kazi. Likizuka shauri juu ya toleo la pili, neno hilo litasomwa dhidi yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi, lakini ulinzi huo hupitia katika maneno aliyoyatilia saini. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, uzito wa maneno hayo umeongezeka.

5.0 Pendekezo

Hatupendekezi kuwakataza makarani wa Kahama kusema kuprinti. Lugha ya dukani ina mantiki yake, nayo inawatosha watumiaji wake. Tunapendekeza kwamba katika mikataba, sheria na vitabu vya kiada, kupiga taipu, kuchapa na kuchapisha vitumike kwa maana tatu zisizoingiliana. Kwamba mchapaji na mchapishaji wasitajwe kamwe kama visawe. Na kwamba mwandishi anayejigharimia aitwe mchapishaji wa kazi yake mwenyewe, kwa kuwa ndivyo alivyo kwa maana zote mbili. BAKITA, ambayo imekuwa ikisanifu istilahi tangu kuundwa kwake mwaka 1967, inafaa ilirejee suala hili. Nasi tunaofundisha hatuna budi kuanza na tasnifu za wanafunzi wetu, ambamo mara nyingi tasnifu iliyopigwa chapa na kujalidiwa hutajwa kuwa imechapishwa.